Ringi ya Matundu Arobaini

Kuna harufu moja ambayo mpaka leo nikikutana nayo barabarani nasimama: harufu ya kutu inayosuguliwa kwa msasa na mafuta ya taa. Wengine inawatia kichefuchefu. Mimi inanirudisha uani kwetu Kariakoo, kwenye nyumba ya vyumba sita, wapangaji watano na choo kimoja, nikiwa na miaka kumi, nimechuchumaa kando ya baba, viganja vyangu vyekundu kama nimepakwa hina.

Baba yangu, Fundi Athumani, alikuwa amepunguzwa kazi. Ndivyo walivyosema siku hizo, kupunguzwa, kama vile mtu ni chumvi iliyozidi mchuzini. Karakana ya mabasi aliyoitumikia tangu ujana ilifungwa, akarudi nyumbani na barua moja na boksi lake la spana. Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa milango. Maduka ya Mtaa wa Msimbazi, ambayo mimi niliyajua kwa rafu tupu na foleni za sabuni, yalifurika ghafla redio, viatu na dawa za meno za kila rangi. Kila kitu kilikuwa kinakuja mjini, na kazi ya baba ndiyo iliyoondoka.

Miezi ya mwanzo alilala. Niseme ukweli, alilala mpaka jua linavuka paa. Akiamka anakaa barazani na msuli wake, ndevu zimeota ovyo, na watu wakimsalimu anaitikia kwa kichwa. Mama ndiye aliyetulisha. Kila asubuhi alienda Feri kununua samaki, akawakaanga uani na kuwauza pale pale mlangoni. Sikumsikia akimsema baba hata siku moja.

Kisha Mzee Hasmukh akamwita. Huyu alikuwa Mhindu mwenye duka la vitambaa Kisutu, na baba alipokuwa kijana ndiye aliyekuwa akimtengenezea pikipiki yake. Sasa alikuwa anasafisha stoo apate nafasi ya mizigo mipya. Nilifuatana na baba siku hiyo. Nyuma ya marobota, chini ya magunia, ilisimama pikipiki ya Kiingereza, nyembamba na yenye miguu mirefu kama korongo, kiti chake kidogo hata nikadhani kimekatwa.

"Hii haishindani mwendo," baba alinieleza, na sauti yake ilikuwa ya mtu mwingine. "Inapanda mawe. Mzee hapa alikuwa anaipandisha majabali ya Pugu pole pole, mpaka juu. Ukitia mguu chini, umekosa."

"Ichukue, Athumani," alisema Mzee Hasmukh. "Usiiuze, usiikate. Siku ikiwaka ilete hapa mlangoni niisikie. Mimi miguu haipandi tena."

Tuliisukuma mpaka nyumbani, huku ikilia kama toroli bovu. Injini, baba alisema, ilikuwa nzima. Ugonjwa ulikuwa kwenye magurudumu. Hewa ya chumvi ilikuwa imekula ringi zote mbili, zile duara za chuma zinazovalishwa tairi. Ukizigusa zinabanduka kama ukoko wa wali. Ndipo nilipojifunza kwamba ringi si ringi tu. Ile ya mbele ilitakiwa kuwa ya inchi ishirini na moja, yenye matundu arobaini ya spoki. Pikipiki za Kijapani zilizojaa madukani zilikuwa na matundu thelathini na sita.

Nikawa mhesabu matundu. Kila nikitoka shule tulizunguka duka hadi duka, baba akipima kwa futi, mimi nikipitisha kidole tundu baada ya tundu. Thelathini na sita. Thelathini na sita. Muuzaji mmoja kijana alitucheka.

"Mzee, si matundu manne tu hayo? Ongezea kwa drili!"

"Ukiyaongeza, spoki zinavuta upande upande," baba alimjibu taratibu. "Gurudumu litatembea kama mlevi wa pombe ya mnazi."

Ringi ya nyuma tuliipata Gerezani, kwenye lundo la vyuma, baada ya wiki tatu. Ya mbele ikagoma. Mwezi ukapita, ikapita miezi. Nilipolalamika kwamba miguu inauma, baba alinikumbusha kwamba mtafutaji hachoki, na akichoka keshapata. Mimi nilichoka na sikupata kitu, lakini sikuthubutu kumwambia.

Jambo moja lilitokea katikati ya mizunguko hiyo, ambalo mimi sikulipa uzito wowote. Wenye maduka walimzoea. Walianza kumwita: "Fundi, njoo uniangalizie gurudumu hili." Akawaonyesha namna ya kukaza spoki kwa kusikiliza mlio wake, akiigonga moja moja kama mtu anayelinganisha ngoma. Wateja wao wakaanza kumfuata nyumbani. Kufika mwezi wa saba wa kutafuta, ukuta wetu wa uani ulikuwa umeegemezwa magurudumu ya watu, ya baiskeli na ya pikipiki, na wapangaji wakawa wanalalamika hawana pa kuanikia nguo.

Ilikuwa likizo ya shule mama aliponiita akanipa visu vyake viwili, vimefungwa kwenye gazeti.

"Zuhura, leo sijisikii vizuri. Nipelekee visu hivi Feri kwa Mzee Mkude, mnoa visu. Yuko karibu na wakaanga samaki. Usikimbie navyo."

Feri sikuwa nikienda; ilikuwa himaya ya mama. Nikapita katikati ya moshi, magamba na kelele za wanadi samaki mpaka nikamwona mzee mwembamba amekaa kwenye kigoda nyuma ya mashine yake ya mbao. Alikanyaga pedeli, gurudumu kubwa likazunguka, mkanda ukavuta jiwe, na cheche zikaruka.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu." Alikunjua gazeti, akapitisha kidole gumba kwenye makali. "Mbona hivi nimevinoa juzi? Mama yako amevikatia nini, hewa?"

Mimi nilikuwa natazama gurudumu. Halikuwa na spoki. Ilikuwa ringi pana ya chuma iliyofungwa kwa waya kwenye mbao mbili zilizopishana, na ubavuni mwake kulikuwa na matundu. Iliposimama nikayahesabu. Arobaini. Nikayahesabu tena, nikianzia kwingine. Arobaini!

Nilikimbia mpaka Kariakoo bila kupumzika, na visu nikavisahau huko huko. Nilimkuta baba ananyoa, shavu moja lina povu. Alifuta uso kwa kanga ya mama, akachukua futi, tukaondoka.

Kipimo kilikubali. Mzee Mkude hakukubali.

"Hili ndilo shamba langu," alisema, akilishika gurudumu kwa mikono miwili. "Nimetoka Morogoro, sina jingine. Nikupe, nile nini?"

Mimi nilitaka kulia. Nilidhani baba atambembeleza, lakini alikaa chini kwenye sementi iliyolowa maji ya samaki, akamtazama yule mzee akifanya kazi kwa saa nzima. Halafu akauliza, "Mguu huu wa kulia, jioni hauumi?"

"Unauma mpaka nyongani," alisema Mzee Mkude.

Siku ya nne tulirudi na gurudumu jipya. Baba alilisuka kwa ringi ya Kijapani, nzito, yenye matundu yake thelathini na sita, na katikati akaweka beringi. Mzee Mkude akalijaribu kwa kisu kimoja, kisha cha pili, kisha panga la mvuvi. Akanyanyua mguu, na jiwe likaendelea kuzunguka lenyewe. Alicheka kama mtoto. Akaanza kufungua waya za ile ringi ya zamani kwa mikono yake.

Pikipiki iliwaka wiki mbili baadaye. Mbele ya duka la Kisutu kulikuwa na baraza yenye ngazi nne. Mzee Hasmukh alisimama mlangoni akisikiliza, kiganja kimeshika fremu ya mlango. Baba alisimama juu ya vikanyagio, akaipandisha ngazi ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne, akatulia juu kabisa bila kutia mguu chini. Mzee Hasmukh alivua miwani akaifuta, akaivaa, akaivua tena.

Nilikuwa mtu mzima, nina watoto wangu, ndipo vile visu viliponirudia akilini. Mama alikuwa akienda kwa Mzee Mkude kila wiki. Matundu arobaini tuliyaimba nyumbani mpaka wapangaji waliyajua. Nikamuuliza.

Mama aliendelea kuchambua mchele. "Ringi ile niliiona mwezi wa kwanza tu wa kutafuta kwenu," alisema.

"Ukatuacha tuzunguke miezi yote ile?"

"Alikuwa ananyoa, Zuhura. Kila asubuhi ananyoa, anavaa shati, anatoka. Ningemwambia, angeimaliza pikipiki ile kwa wiki mbili, akarudi kitandani. Nikangoja mpaka nilipoona watu wanamletea magurudumu yao."

Nilikuwa nimeishi miaka yote nikijiona shujaa, mtoto aliyeigundua ringi. Nikamuuliza kama baba anajua. Alitikisa kichwa kukataa, akanisogezea ungo nimsaidie, nami sijamwambia baba mpaka leo.