Nailoni Juu ya Lami ya Moto

Aliyechagua ovaroli zile hajapata kuzivaa. Nalisema hilo mwanzoni ili msomaji ajue kwamba nimekasirika na wala sikusudii kupoa. Alikaa ofisini penye kiyoyozi, akapapasa kitambaa kwa vidole viwili, akaona kinang'aa na hakikunjamani, akaagiza mzigo mzima: nailoni tupu, nzito, yenye bitana, ya kuvaliwa msimu wa joto na watu wanaotandaza lami.

Dada yangu ni mmoja wa watu hao. Huvuta reki: lori likishamwaga lami ya moto, yeye huisawazisha kabla rola haijapita juu yake. Ameshika kazi hiyo tangu alipofiwa na mumewe, na wenzake humwita Mama Reki. Ana mabega ya mpagazi na ulimi wa pilipili. Akikosea hakiri, akipatia hanyamazi. Mimi, mdogo wake, hushika bendera ya kuzuia magari katika barabara hiyohiyo, kwa hiyo ninayoyasimulia nimeyaona kwa macho yangu.

Mavazi yake ya kazi aliyachagua kwa kuungua. Shati pana la pamba, la mikono mirefu na rangi hafifu. Suruali ya khaki inayoangukia juu ya buti za ngozi, isiyochomekwa ndani, lami isije ikapata pa kuingilia. Kofia ya ukingo mpana, na kitambaa kilicholoweshwa maji shingoni. Watu hudhani joto linataka nguo chache. Upuuzi! Jua huila ngozi iliyo wazi, na lami huila upesi zaidi. Pamba hunywa jasho na kupitisha upepo. Nailoni hukupika ndani yake, na tone la moto likiiangukia, huyeyuka ikakung'ang'ania. Ovaroli zilipoletwa haikupita wiki, mtu wa chepeo akarukiwa na lami pajani. Walipomvua, kitambaa kilitoka na ngozi.

Jioni ile dada alichukua mkasi. Alifumua ile mistari inayong'aa kwenye ovaroli yake, akaishona kwenye shati lake la pamba, mgongoni na mikononi, ili madereva waendelee kumwona. Asubuhi nyapara akamzuia njiani.

"We mama, ovaroli iko wapi?"

"Si hii hapa?" Dada akagusa mistari. "Nimebakiza sehemu yenye maana."

"Umekata mali ya kampuni?"

"Nimeiponya."

Dereva wa rola, tunayemwita Kishindo, akaangua kicheko kutoka juu ya mtambo wake. "Mama Reki, leo umetujia na foronya? Tukuletee na godoro?"

"Lete, baba. Na wewe uliyejifunga mfuko wa plastiki, jasho lako likamuliwe tupigie deki."

Watu walicheka. Nyapara hakucheka, maana mwenye cheo kidogo huumizwa sana na kicheko ambacho hakukiruhusu.

"Sikiliza. Vaa ovaroli, la sivyo nenda nyumbani na usirudi. Watu wa kuvuta reki wamejaa tele."

"Iliyobaki imeshakuwa matambara ya jikoni."

"Basi toka."

Dada ana watoto watatu, na kwa umri wake hakuna kampuni nyingine itakayomtazama mara mbili. Alilijua hilo kuliko nyapara. Hata hivyo hakuomba. Aliweka reki chini, akaketi ukingoni mwa barabara.

Lori likaja, likamwaga. Lami haina subira: ikipoa kabla ya kusawazishwa, hugeuka jabali. Nyapara alimpa reki kijana wa kwanza aliyemwona, naye akaivuta kama anayefagia ua, akaacha vilima na mashimo. Kishindo akasimamisha rola.

"Bosi, nikipita hapa nashindilia milima."

"Pita!"

"Sawa, napita. Mhandisi akiuliza, nitamtaja aliyeniambia."

Nyapara akanyakua reki mwenyewe. Alikuwa amefunga zipu ya ovaroli yake hadi kooni, kielelezo cha nidhamu. Haukupita muda mrefu, uso ulimwiva, na mkono wake ukaishusha zipu mpaka kitovuni.

"Funga, bosi," dada akasema kutoka alipoketi. "Mali ya kampuni hiyo."

Lori la pili likatokeza konani. Nyapara akalitazama, akatazama rundo lililokuwa likiganda miguuni pake, akaitupa reki.

"Njoo uvute."

"Na shati hili?"

"Vaa unachotaka, mradi lami ilale!"

"Na hawa wenzangu je?"

"Usinipande kichwani, mama. Wewe peke yako."

Dada akainuka, akavuta. Asinishawishi mtu nimshukuru nyapara. Alichokihurumia ni lami. Ngozi ya dada yangu haikumpitia akilini.

Kesho yake nyapara akatukusanya na kututangazia kwamba yeyote atakayeikata ovaroli atafukuzwa papo hapo. Dada alikuwa amesimama mbele yake na shati lilelile, na nyapara akawa anatazama juu ya kofia ya dada kana kwamba hapo pana nguzo.

"Umemaliza, bosi?" dada akauliza. Kisha akatugeukia. "Mimi sifukuziki, mmeona. Tukiwa wengi nani atamfukuza nani? Anayetaka shati aje kwangu jioni na kitambaa chake. Pamba, jamani, msiniletee mapazia."

Nyapara alifumbua kinywa, ila lori lilikuwa limeshapiga honi.

Jioni nilikwenda. Tulikuwa wanne mlangoni, na Kishindo, mwenye shuka kuukuu kwapani, ndiye aliyepiga kelele kuliko wote kwamba foleni haisogei.