Wimbo wa Bhoke

Siku ile ya kijijini Kenyamonta, mwanangu, naikumbuka hata nisipotaka. Nilikuwa nimeacha kuimba Bongo Fleva, au tuseme Bongo Fleva ndiyo iliyoniacha, nikapata kazi ya kutangaza kipindi cha watoto kwenye televisheni. Watu wa kwetu Sirari walinitania kwamba nimeshuka jukwaani nikahamia chekechea. Nilicheka nao, ingawa moyoni iliniuma.

Siku hiyo tulikuwa tunarekodi watoto wakiimba nyimbo za nyumbani kwao. Akaja Bhoke, mtoto wa miaka minane hivi aliyelelewa na bibi yake. Alichagua wimbo wa kukamulia, ule anaoimbiwa ng'ombe mkaidi ili ateremshe maziwa. Aliimba kwa sauti nyembamba iliyotulia, kisha akanyamaza, macho kafumba.

Mwanangu, mazoea yana taabu. Jukwaani nilizoea kuogopa ukimya, maana msanii akinyamaza watu huanza kuzomea. Nikadhani mtoto amesahau. Nikachukua kipaza sauti mkononi mwake, nikaimba kibao changu cha zamani, na watoto wakaruka na kupiga makofi. Nisikufiche, nilifurahi sana. Nilikuwa na njaa ya makofi.

Tulipomaliza nikamwendea bibi yake, nikitarajia shukrani.

"Shikamoo, bibi. Nimemwokoa mjukuu wako, alikuwa ameshasahau."

"Marahaba. Hakusahau, binti yangu. Wimbo ule ukifika pale unanyamaza, unamsubiri ng'ombe. Sasa wewe ulikuwa na haraka ya nini?"

Gari letu lilikuwa bado halijawashwa, ningeweza kumwita Bhoke aimbe upya. Lakini niliona haya mbele ya wenzangu, nikapanda tukaondoka. Kipindi kiliporushwa, mtoto alionekana kidogo tu, kasimama pembeni akinitazama mimi.

Mwaka jana nilimkuta Bhoke sokoni Sirari, sasa mtu mzima, kambeba mgongoni mwanawe aliyekuwa akilia. Aliniamkia kwa adabu zote. Nikamwambia ambembeleze kwa ule wimbo wa bibi.

"Mimi siimbagi, mama," akasema. "Tangu siku ile."

Hakusema kwa hasira. Heri angekasirika. Bibi yake alishafariki, na pale nyumbani kwao hakuna mwingine aliyeujua wimbo ule.

Maji yakimwagika hayazoleki, mwanangu. Ukipewa kazi ya kukuza watoto wa watu, ujue zamu yako ya kupigiwa makofi imepita. Mtoto akinyamaza, mngoje. Na ukikosea, omba radhi siku hiyo hiyo, mbele ya wale wale walioona kosa lako, maana aibu ya siku moja utaisahau, lakini majuto unazeeka nayo.

Mungu akupe subira niliyoikosa mimi, na kila mdogo atakayepita mikononi mwako aondoke akiwa mkubwa kuliko alivyokuja.