Kompyuta Iliyokufa Bwawani Sangbay

Delfina Pagaduan alikuwa mwoga tangu utotoni, na hakuona haya kulisema. Aliogopa mbwa, aliogopa pikipiki, aliogopa hata ngazi ya kupandia dari ya mama yake. Wenzake wa kampuni pale mjini Santa Brigida walimtania kwamba akipigiwa simu huanza kwa kuuliza nani amekufa. Lakini kwa kazi aliyoifanya, woga ulimfaa, kwa sababu kazi yake ilikuwa kuchunguza kompyuta zilizokufa.

Mashine ya kazi nzito inapozimika ghafla, huwahi kutapika kila ilichokuwa nacho kichwani, ikaacha faili moja kubwa. Ukilifungua unaona tarakimu tupu, kurasa kwa kurasa, hazina kichwa wala miguu. Zana aliyoitunza Delfina, nayo ni programu ya kompyuta, ndiyo iliyolipasua faili hilo kama daktari anavyopasua maiti, kisha ikasema mashine imeuawa na nini. Ilikuwa zana ya zamani, ameirithi kwa mtu aliyehamia Manila, na shida yake ilikuwa moja. Kila toleo jipya la mfumo wa kompyuta likitoka, vitu hupangwa upya humo ndani, kama mtu aliyehamisha vyombo vyote vya jikoni. Unanyoosha mkono kwenye chumvi, unashika sabuni.

Mwaka ule ilitoka amri kwamba mashine za bwawa la Sangbay, kule milimani, zihamishiwe kwenye toleo jipya. Kazi ilitakiwa iishe kiangazi. Ikavutwa, ikavutwa, hadi ikaangukia msimu wa tufani. Haukupita muda mashine inayoendesha milango ya maji ikazimika. Ikajiwasha yenyewe, lakini watu walishtuka. Delfina alipotumiwa faili, zana ilikataa: toleo hili silijui. Bwana Quirino, mkuu wa bwawa, alikuwa kwenye simu anafoka, anataka jibu. Basi Delfina akaongeza jina la toleo jipya kwenye orodha ya matoleo yanayojulikana, zana ikafunguka, ikatoa jibu safi kabisa: kadi ya kumbukumbu ni mbovu. Kadi ikabadilishwa. Bwana Quirino akampelekea shukrani na tenga la mananasi.

Asubuhi redio ilipotangaza kwamba tufani imegeuza njia na inakuja kwao, mashine ikafa tena.

Mtandao wa milimani ulikuwa umeshakatika, kwa hiyo Delfina alipanda mwenyewe kwa gari la kampuni, mvua ikipiga kioo kama changarawe, mikono yake imeung'ang'ania usukani. Alipofika, mashine ilikuwa imejiwasha na taa zake zilikuwa za kijani. Alikaa kwenye meza ya pembeni katika chumba cha mitambo, akaliweka faili jipya kwenye zana. Jibu likatoka lilelile: kadi ya kumbukumbu ni mbovu.

Lakini kadi ilikuwa mpya. Delfina akashusha macho kwenye mistari ambayo mara ya kwanza hakujali kuisoma. Mstari mmoja ulisema mashine hii imekuwa ikiwaka bila kuzimwa kwa miaka zaidi ya thelathini. Mashine yenyewe ilinunuliwa mwaka uliopita.

Zana haikuwa imesoma chochote. Ilikuwa inaingiza mkono kwenye makabati yaliyohamishwa, inashika chochote inachokikuta, na kukipa jina. Na yeye ndiye aliyeifungulia mlango.

"Mkubwa," alimwita Bwana Quirino. "Lile jibu nililokupa halikuwa kweli."

"Halikuwa kweli vipi? Si kadi tumeshabadilisha?"

"Kadi haikuwa na kosa. Zana yangu inasoma mahali pasipo penyewe. Bado haijui hili toleo jipya."

"Sasa mashine inaumwa nini?"

"Sijui."

"Itazimika tena?"

"Sijui, mkubwa."

Bwana Quirino alikuwa mtu mnene, mpole siku za jua. Aliuelekeza mkono dirishani, ambako ziwa lilikuwa limegeuka rangi ya tope. "Nina milango mitano ya maji. Nina tufani mlangoni. Na wewe, dada, umepanda mlima wote huu kuniletea sijui?"

"Amekuletea mbili, mkubwa," alisema Imong, aliyekuwa amechutama karibu na mlango anakula wali na samaki mkavu. "Usimpunje."

Imong ndiye aliyekuwa msimamizi wa vijana wa milango. Hakuna aliyecheka, hata yeye mwenyewe.

Delfina alijua kinachopaswa kusemwa, na hicho ndicho kilichomtia hofu kuliko mashine. Juu ya ukuta wa bwawa, kila mlango ulikuwa na kisanduku chake cha swichi, cha tangu enzi za kabla ya kompyuta. Mtu akisimama pale anaweza kuufungua mlango hata mashine ikifa. Lakini upepo wa tufani juu ya ule ukuta uling'oa mabati, sembuse mtu.

"Mkubwa, weka watu kwenye swichi," alisema. "Sasa hivi, kabla upepo haujazidi."

"Unajua unachosema? Nikawapandishe watoto wa watu kule juu kwa sababu zana yako haijui kusoma?"

"Nisipojua itazimika lini, siwezi kukwambia uitegemee."

"Na wakipeperushwa, halafu mashine isizimike?"

Delfina aliona kwa macho ya moyo wake mtu akianguka kutoka ule ukuta, akaona pia mto chini ya bonde, na nyumba ya mama yake hatua chache kutoka ukingoni.

Imong alinawa mikono, akaifuta kwenye suruali. "Kaka Quirino, mimi nakwenda," alisema, akiliacha lile neno la mkubwa. "Tutajifunga kamba. Naogopa, lakini nikiwa kule najua mlango uko mikononi mwangu. Hapa namtazama huyu dada anavyotetemeka, ananimaliza zaidi."

Wakaenda, yeye na vijana wake, watu sita, na kamba viunoni.

Delfina akarudi kwenye zana, na sasa kila mngurumo wa upepo aliuhesabu kuwa umembeba mtu. Mashine yenyewe ilikuwa na ramani ya toleo jipya, inayoonyesha kila kitu kimehamia wapi. Kazi ilikuwa kuichukua zana mstari kwa mstari na kuifundisha njia mpya: jina la kazi inayoendelea halipo tena hapa, lipo pale, orodha iliyokuwa moja sasa zimekuwa mbili. Kila alipomaliza sehemu alitaka kukimbilia kosa la mashine, akajizuia. Safari hii alianza na swali ambalo jibu lake alilijua. Imewashwa lini? Zana ikasema ni mwezi uliopita. Uongo, tangu hapo imezimika na kuwashwa tena. Akasahihisha. Akauliza tena. Zana ikataja siku na saa ambayo mashine iliwashwa baada ya kadi kubadilishwa, mara ya mwisho kabla ya faili hili kutoka, sawasawa na Bwana Quirino alivyoandika ukutani kwa chaki.

Hapo ndipo alipoomba simu ya waya ya bwawa, akampigia mama yake.

"Mama, toka hapo nyumbani. Nenda shuleni, kule kwenye mwinuko."

"King'ora hakijalia."

"Usingoje king'ora."

"Na nguruwe nimwachie nani? Wewe tangu mdogo ukiona wingu unalia."

"Ndiyo, nalia. Unasikia vizuri? Nalia. Toka, mama!"

Kisha mama akasema kwa sauti nyingine, "Haya, mwanangu. Natoka."

Delfina akafuta macho na kuuliza swali lenyewe. Zana ikapasua faili, ikachelewa, ikajibu. Si kadi. Ni programu ndogo, ya zamani, inayopokea vipimo vya kina cha maji kutoka kwenye mita za ziwani. Katika toleo jipya ilipewa nafasi finyu, na vipimo vikija haraka kuliko kawaida vilifurika na kumwagikia kwenye kumbukumbu za programu nyingine, vikaua mashine nzima. Na mita za Sangbay zilitengenezwa zipeleke vipimo haraka zaidi kadiri maji yanavyopanda haraka.

Alisoma mara mbili. Siku ya jua mashine hii isingezimika kamwe. Ingezimika pale tu inapohitajiwa.

"Mkubwa!" Alisimama hata kiti kikaanguka. "Itazimika! Maji yakikimbia, lazima i—"

Skrini kubwa ikawa nyeusi.

Safari hii haikujiwasha. Ilijaribu, ikafa, ikajaribu, ikafa, maana vipimo viliendelea kumiminika. Nje ziwa lilikuwa linapanda ukuta. Bwana Quirino alishika redio ya mawasiliano kwa mikono miwili. "Imong! Mashine imekwenda. Fungua wa kwanza, polepole!"

Redio ilikoroma upepo mtupu. Delfina alijiuma kidole hadi damu. Kisha ikaja sauti, kwa mbali sana: "Wa kwanza unafunguka."

Ving'ora vikalia bondeni. Walifungua kidogokidogo, mlango baada ya mlango, Bwana Quirino akisoma kina cha maji kwa darubini kwenye mistari iliyopakwa rangi ukutani, kama walivyofanya wazee wa bwawa zamani. Kwenye mlango wa nne upepo ulimzoa Imong, ukambamiza kwenye chuma. Kamba ikashika. Mkono ukavunjika. Mwenzake akaimalizia swichi ile naye Imong akiwa ananing'inia, anatukana kwa sauti ambayo chumba kizima kilisikia redioni, na Delfina hajawahi kufurahia matusi kama yale.

Tufani ilipita alasiri. Maji yaliingia vijiji vya chini, yakafika magotini, yakaharibu mpunga na kuchukua nguruwe wote wawili wa mama yake. Hakufa mtu. Bwana Quirino alisema baadaye kwamba kama milango ingechelewa, ukuta ungefurika, na hakutaka kulizungumza zaidi ya hapo.

Ile programu ya vipimo iliandikwa upya. Delfina naye aliimaliza zana yake kwa utulivu, akaiwekea sharti: ikikutana na toleo isilolijua, inyamaze, na ikilijua, ijiulize kwanza maswali yenye majibu yanayofahamika, ikikosea hata moja isiseme lolote. Wakubwa walilalamika kwamba sasa inakataa mno. Aliwaacha walalamike.

Alipokwenda kumwona Imong, alimkuta uani kwake, mkono kwenye plasta, mkewe anamlisha uji wa wali wenye tangawizi.

"Nilifikiri nimekuua," Delfina alisema, akashindwa kuendelea.

"Na mimi nilifikiri hivyohivyo," Imong akamjibu. "Keti, ule. Mke wangu, mpe dada bakuli. Na usimweke karibu na yule mbwa, ataogopa."

Delfina aliketi. Mbwa alikuja kumnusa miguu, naye akaipandisha kitini, bakuli mkononi, akala hivyohivyo. Mvua ndogo ilianza kudondoka kwenye mabati, akaacha kutafuna, akasikiliza mpaka ilipokoma.