Kulamba Kiganja Mbele ya Mholanzi

Kwetu Mombasa mchuzi huonjwa kiganjani. Unadondosha tone kwa mwiko, unalamba, unajua kama chumvi imekolea. Mwiko haugusi mdomo. Huo ndio usafi, na mama alinifunza hivyo kabla sijajua kusoma.

Nilikuwa nafanya kazi ya uyaya mtaa wa Al-Safa, Jeddah, na mama alikuwa mgonjwa huko nyumbani. Madam akaniahidi: nikiwafurahisha wageni wake, atamwambia mumewe, kafili wangu aliyeshika pasipoti yangu, aniruhusu nikamwone mama. Wageni walikuwa dada zake kutoka Riyadh na mama mmoja Mholanzi, mke wa mhandisi wa bandarini. Wallahi, nilipika samaki wa nazi kwa roho yangu yote.

Naonja hivi, madam huyo mlangoni na Mholanzi nyuma yake.

"Mafi nadhif!" madam akafoka, yaani si safi. "Unajilamba mikono kama paka!"

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Wanasema mkono mtupu haulambwi. Wangu ulikuwa na mchuzi, na bado umeniaibisha.

Mholanzi, maskini, alitaka kuniokoa. Mezani alipoonja tu akasema, "Lekker!" Akaeleza kwa Kiingereza kwamba kwao ndiyo tamu, na neno lenyewe limezaliwa na kulamba. Husifia nalo chakula, usingizi, hata hali ya hewa. Likitangulia jina, mara nyingi huota mkia, likawa "lekkere". Nikawaza, ala, tamu yetu hubadilika kichwani: mchuzi mtamu, maembe matamu. Kwa dakika moja nilisahau kuwa mimi ni yaya.

"Kwa hiyo mpishi hana kosa," Mholanzi akamaliza.

Wakaangua kicheko. Madam akaniamuru nilambe tena, dada zake waone lilikotoka hilo neno. Mimi, mama wa watoto, nikasimama na sahani mkono mmoja nikalamba mwingine. Aibu gani hii, Mola wangu! Mholanzi peke yake aliinamisha kichwa.

"Halas, basi, utasafiri," madam akasema, akijipangusa machozi ya kicheko.

Nikafika nyumbani. Mama, alivyokonda, alishikilia kunipikia mwenyewe. Akaniita jikoni, akanidondoshea mchuzi kiganjani, akangoja nimwambie chumvi.

Mkono ulikataa kupanda mdomoni. Nikageuka kutafuta kijiko.

"Mwanangu," akasema polepole, "siku hizi unanionea kinyaa?"