Ndege Iliyolala Zizini

Mimi ni mtu wa kushuku. Mama yangu alikuwa akisema kwamba hata nilipozaliwa, kule Rhotia, nilimkagua mkunga kwanza, ndipo nikalia. Katika kazi ya urubani tabia hiyo ni mtaji. Rubani anayeamini kila anachoambiwa na saa za vipimo zilizo mbele yake hazeeki, na mimi nimezeeka.

Mwanzoni mwa miaka ya themanini nilikuwa narusha ndege ndogo ya injini moja, yenye mabawa ya chini. Siku nyingine nilibeba watalii, siku nyingine wagonjwa wa Ngorongoro na Loliondo. Jioni moja nilitua Arash kumchukua mama mjamzito aliyelemewa na uchungu, nimpeleke hospitali Karatu. Mvua ikanikamata palepale uwanjani. Hakuna mwenye akili anayeruka gizani juu ya milima ile, nikalala kwenye zahanati.

Hofu kubwa ya viwanja vya porini ni fisi. Wanatafuna matairi ya ndege kama sisi tunavyotafuna miwa, kwa hiyo ndege inayolala huzungushiwa matawi ya miiba. Mume wa yule mama aliniahidi kuilinda mwenyewe. Asubuhi nikakuta ameilinda kweli: ndani ya uzio wa miiba, kuizunguka ndege pande zote, alikuwa amelaza ng'ombe wake.

"Rubani, ndege wako tumemlaza na ng'ombe," aliniambia, meno yote nje. "Fisi hajathubutu."

Kwake ile ilikuwa heshima kubwa. Mimi niliona jambo jingine. Sisi Wambulu na Wamaasai tumeibiana ng'ombe tangu enzi za mababu, na mtoto wa Rhotia hukua akiambiwa asimgeuzie kisogo Mmaasai anayecheka. Huyu anacheka nini? Ng'ombe walikuwa wamejikuna kwenye mabawa, wameyalamba, wameyapaka mavi. Nikaosha, nikakagua kila kitu kwa hasira. Mbele ya bawa la kushoto kuna kibati kidogo kinachochezeshwa na upepo. Mwendo ukipungua mno, upepo hukiinua na king'ora hulia ndani, kumwonya rubani kwamba ndege inakaribia kuanguka. Nilikiinua kwa kidole, king'ora kikalia. Nikakiachia, kikanyamaza. Sikuwa na sababu ya kukataa kuondoka.

Mgonjwa alilazwa nyuma, mama mkwe wake, bibi mzee, akakaa kando yake akimshika mkono. Hatujamaliza hata kupanda angani, king'ora kikaanza kulia. Hakikuacha.

Nikaishusha pua ya ndege ili tuongeze mwendo. Bado kinalia. Nikatazama mshale wa mwendo: unasema mwendo ni mzuri, tena wa kutosha. Basi mmoja kati ya hao wawili alikuwa mwongo, na shida yangu ni kwamba wote wawili walilala na ng'ombe usiku kucha. Maana mshale nao hupata upepo wake kupitia tundu dogo lililo chini ya bawa lilelile. Tundu likiingia uchafu, mshale unakudanganya na wewe unaufuata mpaka ardhini.

"Kijana, hii ndege yako inalia nini?" bibi aliuliza.

"Inalia tu, koko," nikamjibu. Koko ndivyo Wamaasai wanavyomwita bibi.

"Kitu hakilii tu."

Mimi mwenyewe nilikuwa nawaza hivyohivyo, ila sikutaka kuyasikia yakitoka kiti cha nyuma.

Mbele yetu milima ya Kreta, ile ya Ngorongoro, ilikuwa imejifunika mawingu, na njia fupi ya Karatu inapita humohumo. Kukiwa kweupe rubani anaongozwa na macho: anaona pua ilivyokaa, anasikiliza injini, anaujua mwendo bila kuambiwa. Ndani ya wingu macho hayana kazi, unabaki na saa zako. Na saa zangu nilikuwa sizisadiki. Nikapinda kushoto kuelekea ziwa Natron, nifuate bonde la ufa mpaka Manyara, kisha nipande Karatu kutokea upande wa pili. Huko kulikuwa kweupe, lakini ni mzunguko mrefu.

Kelele zile zilikuwa zikinitia wazimu, nikakikatia king'ora umeme. Ndipo nikagundua kwamba yule mama, aliyekuwa akilia kwa uchungu tangu tulipoondoka, naye amenyamaza. Nikageuka.

"Anapumua," bibi alisema. "Endesha."

Nikaendesha. Niliogopa siku ile kama sijawahi kuogopa. Karatu nilitua kwa kasi kupita kawaida, kwa kuushuku mshale tu, tukaenda kusimama karibu na mahindi ya watu. Gari la hospitali lilikuwa linasubiri.

Walipomwingiza kwenye upasuaji, mimi nilirudi uwanjani nikapiga magoti mbele ya bawa. Kwenye bawaba ya kibati palikuwa na singa za mkia wa ng'ombe, zimejisokota mpaka kibati kimekwama juu. Nikachungulia tundu la mshale. Lilikuwa safi kabisa. Ningeuamini mshale ningepita mawinguni, na tungefika mapema sana. Nilizitia zile singa mfukoni, nikakaa chini kwenye nyasi.

Hospitali nilikuta mama yuko hai. Mtoto, wa kiume, alitoka bila pumzi. Muuguzi aliyetupa habari alikuwa amechoka, hakuyapima maneno yake.

"Mngewahi kidogo tu, tungempata," alisema.

Bibi alinifuata nje.

"Mimi natembea nchi hii tangu msichana," alisema. "Karatu iko nyuma ya Kreta. Wewe umetupitisha Manyara, ziwa nimeliona. Umezunguka kwa nini, wewe Mbulu?"

Ndani ya ndege alikuwa ananiita kijana.

Jibu nilikuwa nalo mfukoni. Ningezitoa zile singa, angeelewa haraka kuliko mtu yeyote; angejua ni za ng'ombe wa nani, na nani aliyewalaza pale. Mimi ningekuwa nimejisafisha. Naye angerudi Arash kumwambia mwanawe, yule aliyebaki uwanjani akitupungia mkono, kwamba wema wake ndio uliomchelewesha mtoto wake. Hadi leo nasema nilifanya sawa kuzunguka. Lakini hilo la kumtwisha baba wa watu sikuliweza.

"Mawingu, koko," nilisema. "Kreta kulikuwa na mawingu."

Kwenye dirisha lake la pembeni hakuwa ameyaona. Aligeuka akatazama kule juu. Jua lilikuwa limeshapanda, na milima ilikuwa wazi mpaka miti ya ukingoni ilionekana mmoja mmoja. Kisha akanitazama mimi, akarudi ndani kwa mkwewe.

Siku chache baadaye niliporudi Karatu kuwachukua niwarudishe Arash, niliambiwa wameshaondoka. Walipanda lori la mahindi, na mgonjwa bado ana mshono mbichi.