Kisima Pale Kiwanda cha Ngozi

Usiku ule nililala na furaha, tena ile ya kujisifu. Mwanangu Athumani alikuwa amemaliza kuchimba kisima kwenye kiwanja chake kule kisiwani, na asubuhi tungekwenda wote, na wajukuu, tukanywe maji ya kwanza. Kisiwa chenyewe kimebaki jina tu. Zamani walichoma chokaa pale, kisha kikaja kiwanda cha ngozi, kikajaza ule mkono wa bahari uliokitenga na mji. Kiwanda kikafa, mashine zikauzwa vyuma chakavu, viwanja vikakatwa. Cha Athumani kiko hapo palipojazwa.

Mimi si mtu wa ndoto, jamani. Wanaoamka na kusimulia ndoto huwa nawacheka. Lakini nilisikia king'ora cha kiwanda, kile kilichonyamaza kabla sijaolewa, nikajikuta nimesimama ufukweni upande wa mjini. Bahari imerudi. Na juu ya maji anakuja shangazi yangu Zuhura, marehemu, aliyenilea kwa kazi ya kiwanda kile. Kavaa aproni ya mpira, buti zimelowa.

"Shikamoo, shangazi."

Akanipa kiwiko. Watu wa ngozi hawakupeana mikono, kwa zile dawa zilizowachubua viganja. Kiwiko kilikuwa baridi. Nataka kukimbia, miguu haitaki.

Mara tuko ndani ya kiwanda, na wenzake wote wapo, wafu watupu, wanasukuma matoroli. Wanamwaga baharini: manyoya, mafuta, mapande ya ngozi iliyooza, matope ya buluu ya dawa. Bahari inajaa, inapanda, inakuwa uwanja. Na juu ya uwanja nawaona wajukuu zangu, wameshika vikombe.

"Shangazi, hawa ni watoto!"

"Tuliambiwa tujaze, tukajaza," akasema taratibu, kama zamani alipokuwa akinisuka. "Maji ya pale ni yetu, Mwanaidi. Msiwape watoto."

Nikaamka nimelowa jasho, adhana ya alfajiri inaita. Nikampigia simu Athumani. Roho iliniuma, kwani kijana ametia nguvu zake zote kwenye shimo lile, naye hasira zake ni kama zangu.

"Funika kisima, mwanangu. Asinywe mtu. Bibi yako Zuhura kanijia."

Nikangoja anicheke. Hakucheka.

"Kavaa aproni?" akauliza.

Shangazi alikufa kabla huyu hajazaliwa, na picha yake hatuna. "Umejuaje?"

"Ananijia tangu tulipoanza kuchimba, mama. Kwangu hasemi kitu. Anasimama ukingoni mwa shimo, kaninyooshea mikono yote miwili, viganja mbele. Mimi nilidhani ananibariki."