Machakos Mbili na Karani Mmoja

Kwa miaka kumi na minne niliuza tiketi katika stendi ya mabasi ya Machakos, na muda huo wote niliamini hakuna binadamu aliyenishinda kwa kujua njia. Dirishani kwangu ulikata tiketi ya Kitui, Wote au Nairobi. Ubao wa saa za safari niliuandika mwenyewe kwa chaki, na mwandiko wake niliusifu mwenyewe pia, kwa kuwa hakuna mwingine aliyejitolea.

Kilichonivimbisha kichwa zaidi ni kibao. Stendi kubwa ya mabasi ya mashambani kule Nairobi nayo huitwa Machakos, na mwezi haukwisha bila mgeni kutoka magharibi, aliyeambiwa na ndugu zake watampokea Machakos, kuipita Nairobi na kuja kutushukia sisi, kuku kwapani. Badala ya kumhurumia nilimcheka kwanza, nikawaita wenzangu waje wamwone, ndipo nikamwelekeza. Mwaka wa 1996 nilinunua rangi, nikachora kibao hicho ukutani juu ya benchi la abiria: HAPA NI MACHAKOS YENYEWE. ILE YA NAIROBI IKO NAIROBI. Tangu hapo wenzangu wakaniita profesa, nami sikugundua kwamba ni utani.

Mwaka uliofuata nikampenda Kalekye, mwalimu wa chekechea, mzaliwa wa Mitaboni, hapa hapa karibu na mji wetu, aliyepata kazi Busia, kule mpakani magharibi. Nilimkatia tiketi mara tatu kabla ya kupata ujasiri wa kumwuliza jina, ingawa mara zote tatu nilikuwa nimeliandika kwenye tiketi.

Nilimwomba uchumba kwa barua. Akajibu kwamba mambo kama hayo hayajibiwi kwa karatasi. Jumamosi tarehe sita Desemba, saa tano, angekuwa Machakos. Akinikosa, atajua nilikuwa namchezea tu.

Mtu mwenye akili za kawaida angekaa pale alipo. Mimi nilikuwa na akili za ziada. Niliwaza hivi: anatoka Busia, basi la Busia linaishia Machakos ya Nairobi, na watu wa huko wakisema Machakos huwa wanamaanisha ile. Kwamba Kalekye si mtu wa huko, ni mtoto wa Mitaboni, hilo halikunijia. Nikamwachia dirisha Urbanus, karani mwenzangu, nikavaa suti aliyoolea kaka yangu, nikapanda gari la Nairobi.

Saa nne nilikuwa nimefika, namkagua kila anayeshuka. Ikafika saa tano, saa sita, saa saba. Nikaanza kumkasirikia. Nilijiambia walimu ndivyo walivyo, mabingwa wa kuahidi. Saa nane nikarudi nyumbani nimenuna.

Urbanus hata hakunisalimu. Alinionyesha benchi kwa kidevu. Kalekye alikuwa amekaa hapo kuanzia saa tano hadi saa tisa, chini ya kibao changu, akikisoma. Alipouliza niko wapi, Urbanus alimwambia ukweli kwamba nimeenda Machakos. Akauliza mimi hudhani hapa ni wapi, kisha akapanda gari la Mitaboni. Wenzangu walicheka mpaka muuza mayai akaweka ndoo chini. Wageni wote niliowahi kuwacheka walilipiwa kisasi siku hiyo.

Nikamfuata kwao na suti yangu ya vumbi. Mama yake alinipa chai, akatuacha. Nikamweleza Kalekye habari za mabasi ya Busia, kwa urefu, na yeye akaniacha nimalize.

"Mimi niliandika Machakos," akasema. "Hiyo Nairobi ulisoma wapi?"

Swali hilo liliniuma sana, kwa sababu hakuwa amekasirika. Alikuwa amechoka tu, mtu aliyesafiri kutoka mpakani kuleta neno moja, kisha akarudi nalo kwao.

"Jumamosi ijayo, saa tano," akasema, "nitakuwa Machakos."

Nikafungua mdomo nimuulize Machakos gani. Mungu akaufunga.

Jumamosi hiyo nilikalia benchi tangu saa moja asubuhi. Saa tano ikapita. Gari la Mitaboni likaja saa sita bila yeye, likaja tena saa saba bila yeye. Saa nane nikaingiwa na wazo kwamba labda safari hii alimaanisha ile ya Nairobi. Nikainuka kabisa. Urbanus akanivuta koti, akaniambia nikae chini. Nikakaa, nikiamini nimempoteza kwa ujuaji wangu mwenyewe.

Saa tisa kamili Kalekye akashuka, bila haraka. Akaketi kando yangu, akatazama ile rangi yangu ukutani.

"Sasa tuko sawa," akasema. "Jibu ni ndiyo. Lilikuwa hapa kwa hii benchi tangu wiki jana. Ni wewe hukuwa."